MKULIMA AIJUA HESABU

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, swali moja huzuka upya katika baraza za Wete na Chake Chake, na hata katika maofisi ya Unguja: je, karafuu inunuliwe na Shirika peke yake, au mlango ufunguliwe kwa kila mwenye fedha na mizani? Wanaotaka mlango ufunguliwe husema kwamba soko liachwe lijiongoze lenyewe, kwani soko halikosei. Wanaotaka ufungwe husema kwamba mkulima mdogo akiachwa peke yake mbele ya mfanyabiashara ataliwa nyama na mifupa. Kila upande una wasemaji hodari, na kila upande una jambo ambalo haupendi kulitazama. Sisi tunaona kwamba ubishi huu umekuwa mrefu kwa sababu umeanzia pabaya. Umeanza na soko, ilhali ungeanza na mtu: mkulima wa karafuu anajua nini, anaogopa nini, na hufanya nini bei inapotangazwa.

Nadharia wanayoitegemea wasifu wa soko ina jina la mtu na ina mwaka. Mwaka 1970 Eugene Fama, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika makala iliyokuja kuwa nguzo ya fikra kwamba soko lenye ufanisi ni lile ambalo bei zake zimekwisha kubeba habari zote zilizopo. Kwa maneno mepesi, ikiwa kuna habari njema au mbaya juu ya kampuni fulani, wanunuzi na wauzaji wa hisa wamekwisha kuisikia, na bei imekwisha kupanda au kushuka kabla wewe hujatoka nyumbani. Yapasa ikumbukwe kwamba Fama alikuwa akizungumzia hisa katika masoko makubwa ya fedha; hakuwa akizungumzia samaki wa Tumbe wala muhogo wa Makunduchi. Na hata huko kwenye hisa mambo hayakutulia. Tarehe 19 Oktoba 1987 kipimo cha Dow Jones cha New York kiliporomoka kwa zaidi ya asilimia 22 katika siku moja, na wataalamu hawakupata kukubaliana ni habari gani ya siku ile iliyostahili anguko kubwa kiasi hicho. Robert Shiller alikuwa amekwisha kuandika tangu mwaka 1981 kwamba bei za hisa huyumba kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na faida wanayogawiwa wenye hisa. Mwaka 2013 Tuzo ya Nobeli ya uchumi wakapewa Fama na Shiller kwa pamoja, na Lars Peter Hansen akiwa wa tatu wao. Mmoja alisifiwa kwa kuonyesha jinsi bei zinavyomeza habari upesi, na mwingine kwa kuonyesha jinsi bei hizo hizo zinavyopotoka kwa muda mrefu. Ofisa anayeletewa muhtasari wa kurasa mbili, aghalabu hupata nusu ya kwanza tu ya habari hiyo.

Hata hivyo hatutaki kuwadharau wanaosifu soko, kwani wana hoja moja ambayo historia ya visiwa hivi inaithibitisha kuliko kitabu chochote. Hoja hiyo ni kwamba watu huiona bei, na huifuata.

Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar liliundwa mwaka 1968, likapewa jukumu la kununua karafuu yote. Katika miaka ya 1970 bei ya karafuu duniani ilikuwa nzuri mno, kwa kuwa Indonesia ilihitaji karafuu nyingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, ambazo huchanganywa tumbaku na karafuu. Mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ile. Iliyobaki iliingia hazina, na hatusemi kwamba yote ilipotea: skuli zilijengwa, hospitali zilijengwa, majumba ya Michenzani yalisimama. Aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi aliyaona majengo hayo na aliyafurahia. Lakini aliona pia kwamba ng'ambo ya mkondo wa Pemba gunia lile lile la karafuu lilikuwa na thamani nyingine. Basi ngalawa na mashua zikawa zinaondoka usiku katika ghuba za magharibi ya Pemba kuelekea Shimoni na Mombasa, na pwani isiyo na mashamba makubwa ya karafuu ikawa na karafuu za kuuza.

Doria iliwekwa. Adhabu kali zilitungwa. Hotuba zilitolewa, na katika hotuba hizo mkulima aliambiwa kwamba hana uzalendo. Magendo hayakwisha. Nasi hatubadili jina la kitendo hicho: magendo ni magendo, na yalidhoofisha hazina ya wote kwa faida ya wachache wenye vyombo vya kuvukia. Lakini ofisa mwenye busara angeyasoma magendo yale kama anavyosoma taarifa. Yalikuwa taarifa ya soko iliyo ya kweli kuliko zote zilizofika mezani kwake, na iliandikwa na watu waliokuwa tayari kuhatarisha maisha yao baharini ili kuifikisha. Ilisema: bei yenu si bei.

Miaka mingi ilipita kabla ya taarifa hiyo kujibiwa ipasavyo. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei ya kununulia hata ikafikia shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, na ikashika msimamo kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya dunia. Karafuu zikaja vituoni. Ni kweli kwamba mwaka ule bei ya dunia nayo ilikuwa imepanda sana, na wapo wanaosema kwamba hilo peke yake latosha kueleza kila kitu. Hatukubaliani nao. Mnunuzi wa Mombasa alisikia bei ile ile ya dunia, na angeweza kuongeza dau lake vile vile. Kilichobadilika ni fungu la mkulima. Wakulima walikuwa wale wale na bahari ilikuwa ile ile. Hawakuwa wamepata uzalendo mpya kwa usiku mmoja. Walikuwa wamepata bei.

Mpaka hapa wasifu wa soko watatupigia makofi, na pengine watataka tuishie hapo. Hatuwezi, maana liko jambo la pili, na hilo ni zito zaidi.

Bei nzuri humsaidia mtu mwenye uwezo wa kuingojea. Mkulima wa karafuu ana mti unaomgawia kwa zamu isiyo na hakika. Mwaka huu neema, mwaka ujao majani matupu. Msimu unapofika, huhitaji fedha kabla hajapata fedha. Mchumaji hulipwa kwa pishi na hutaka malipo yake jioni. Kuna majamvi, kuna magunia, kuna watu wa kubanjua, na mvua ikinyesha juu ya karafuu iliyoanikwa, daraja la kwanza hugeuka daraja la tatu mbele ya macho. Mtu wa namna hii hana nafasi ya kutafuta habari za Singapore. Anatafuta mtu wa kumkopesha wiki hii. Na anayemkopesha wiki hii ndiye atakayempangia bei mwezi ujao.

Hilo si jambo geni. Wazee wa visiwa hivi walilijua kwa jina la bei khiyari. Mwenye shamba aliyekosa fedha alikwenda kwa mkopeshaji, na kwa kuwa riba ni haramu, hapakuandikwa riba. Liliandikwa kwamba shamba limeuzwa, na kwamba muuzaji ana khiyari ya kulikomboa kwa fedha zile zile ndani ya muda uliotajwa. Muda ukipita, shamba limekwenda. Karatasi ilikuwa safi kabisa kisheria, na kila mmoja alikuwa ametia saini kwa hiari yake. Kwa mujibu wa nadharia hapo palikuwa na soko: mnunuzi, muuzaji, bei na makubaliano. Kwa hakika palikuwa na mtu mmoja mwenye fedha na mwingine mwenye shida, na mikarafuu ikahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule msimu baada ya msimu.

Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipoona mashamba yameelemewa na madeni, ilitunga sheria. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilichokuwapo tangu mwaka 1927 kikapewa mwaka 1937 mamlaka juu ya ununuzi wa karafuu ya kusafirishwa. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu ya Zanzibar mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Vijana wanaodhani kwamba mnunuzi mmoja ni mzigo ulioletwa na Mapinduzi yafaa wayajue haya. Na yafaa pia wajue kwamba katika ugomvi wote ule wa wenye mashamba, wafanyabiashara na Mwingereza, mchumaji aliye juu ya mti hakuna aliyemuuliza neno.

Khiyari ya zamani imekwisha, lakini mwenzake yungali hai. Yuko mkulima anayekodisha mikarafuu yake mazao yakiwa bado machanga mtini, kwa sababu mtoto anakwenda skuli au mgonjwa anavushwa kupelekwa Unguja. Aliyekodi huchuma, hukausha, huuza kwa bei ya Serikali na huchukua faida ambayo Serikali iliikusudia kwa mkulima. Asilimia 80 imelipwa, hesabu za Shirika ni sahihi, na mwenye shamba hakuiona. Ofisa atakayehesabu kilo na shilingi peke yake hatalitambua hilo kamwe. Atalitambua akiuliza ni nani aliyesimama kwenye mstari wa mizani.

Sisi tuliokaa chuoni kwa maalimu kabla ya kukaa skulini kwa mwalimu tulifundishwa mambo mawili juu ya soko la Madina, na tukiyaweka pamoja yanatosha kutuliza nusu ya ubishi huu. La kwanza ni kwamba bei zilipopanda na watu wakamwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, alikataa, kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Hili hupendwa sana na wafanyabiashara, nao hulikumbuka vizuri hasa mwezi wa Ramadhani, ndizi na viazi vinapopanda. La pili hawalikumbuki sana. Alikataza watu wa mjini kutoka nje kuwalaki wenye misafara na kununua bidhaa zao njiani kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Na aliyeuza njiani kwa namna hiyo akifika sokoni, anayo khiyari ya kuivunja biashara ile. Tazama khiyari hii na ile ya mkopeshaji: neno ni moja, lakini moja imewekwa ili mjinga wa bei asiliwe, na nyingine iliwekwa ili mwenye dhiki aliwe kwa adabu. Maana ya mambo yote mawili ni nyepesi. Bei ipatikane sokoni, lakini kwanza kila mmoja afike sokoni akiwa na macho.

Kwamba macho hayo yana thamani ya fedha si mahubiri tu. Katika jimbo la Kerala, kule pwani ya Malabari ambako majahazi yetu yalikuwa yakienda na kurudi kwa pepo za msimu, wavuvi wa saradini walikuwa na desturi ya kupeleka samaki kwenye pwani ya kijiji chao tu, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua hali ya pwani nyingine. Mtaalamu Robert Jensen, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2007, alieleza kwamba asubuhi moja ya Januari 1997, katika pwani ya Badagara, wavuvi 11 walikosa wanunuzi wakamwaga samaki wao, ilhali ndani ya kilomita 15 tu walikuwako wanunuzi 27 wanaokaribia kuondoka mikono mitupu. Simu za mkononi zilipoingia pwani ile kati ya mwaka 1997 na 2001, wavuvi wakaanza kuuliza bei wakiwa bado baharini. Tofauti za bei baina ya pwani na pwani zikapungua mno, samaki wa kumwagwa wakatoweka, faida ya wavuvi ikaongezeka kwa karibu asilimia 8, na mlaji akapata samaki kwa bei iliyopungua kwa karibu asilimia 4. Soko lilipata ufanisi. Lakini halikuupata kwa kuachwa. Lilipata kwa sababu mtu alisimamisha minara. Kabla ya hapo lilikuwa soko huria kabisa, na lilimwaga samaki.

Liko jambo la tatu ambalo vitabu vya zamani vya uchumi havikulipa nafasi, nalo ni heshima. Mwaka 1982 wataalamu wa Kijerumani walifanya jaribio dogo. Mtu mmoja hupewa fedha azigawe na mwenziwe kwa kadiri apendavyo; mwenziwe akikubali, kila mmoja huchukua fungu lake, akikataa, wote hukosa. Kwa hesabu ya duka, huyo wa pili akubali hata senti moja, kwani senti moja ni bora kuliko kukosa. Jaribio hilo limerudiwa nchi nyingi tangu hapo, na watu wanaopewa fungu dogo mno hulikataa mara nyingi, wakaridhia kukosa kuliko kudhalilishwa. Mwenye kuishi visiwani hahitaji kwenda Ujerumani kwa hilo. Wako watu walioacha karafuu ikakauka mtini katika miaka ya bei mbovu, ingawa wangepata chochote kama wangechuma. Tukawaita wavivu. Hawakuwa wavivu; walikuwa wamekataa fungu.

Tukija sasa kwa wale wanaoamini kwamba mnunuzi mmoja peke yake ni dawa, tunawaomba waitazame Indonesia, ambayo ilikuwa mteja wetu mkubwa kisha ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote, hata bei ya dunia ikaporomoka katika miaka ya 1980 na sisi tukaumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliundwa huko taasisi moja ya kununua karafuu yote, ikiongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya wakulima. Viwanda vya kretek vililazimishwa kununua kwake kwa bei ya juu, wakulima wakauza kwake kwa bei ya chini, karafuu ikarundikana maghalani, na wakulima wengi wakaiacha mikarafuu au wakaikata. Ilivunjwa mwaka 1998, nchi ilipokwisha kuanguka kiuchumi na wakopeshaji wa nje kuweka masharti. Mnunuzi mmoja anayeitwa wa umma haachi kuwa mnunuzi mmoja. Asipochungwa, atafanya kile kile ambacho angefanya mlanguzi aliyebaki peke yake sokoni.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Shirika libaki kuwa mnunuzi, kwa sababu katika mwaka wa bei mbovu hakuna mfanyabiashara atakayefika Micheweni kwa mapenzi, na kwa sababu mikarafuu inayochukua miaka mingi kuanza kuzaa haipandwi na mtu asiyejua kama kesho atakuwapo wa kumuuzia. Lakini lijiendeshe kana kwamba mshindani amesimama mlangoni, kwani kwa hakika amesimama: yuko ng'ambo ya mkondo, na ana chombo.

Tunawataka wahusika wabandike katika kila kituo cha kununulia, kila wiki, bei ambayo Shirika limeuzia nje, na pembeni yake bei anayolipwa mkulima, kwa tarakimu zinazosomeka na kwa Kiswahili. Ikiwa ahadi ni asilimia 80, kila mwenye mtoto aliyefika darasa la saba ataweza kuihakiki. Wako watakaosema kwamba hizo ni siri za biashara. Tungependa waeleze siri hizo zinafichwa nani, maana wanunuzi wa Singapore wanazijua, na mkulima mwenye simu mkononi anazijua nusu. Na nusu ya habari huzaa uvumi, nao uvumi ndio umevusha magunia mengi zaidi kuliko upepo wa kusi.

Mizani ikaguliwe mbele ya wenye karafuu, na upangaji wa madaraja usiwe wa mtu mmoja aliyekaa nyuma ya meza. Mkulima anayeambiwa kwamba karafuu yake ni mpeta awe na mahali pa kupinga siku ile ile, si kwa barua. Malipo yawe siku ya kupima. Shirika linalomlipa mkulima baada ya wiki mbili limejifanya kuwa mkopaji wake, tena bila kumwomba.

La mwisho, na ndilo tunaloliona zito kuliko yote, ni fedha za kuchumia. Mikopo hiyo haina budi kumfikia mkulima mwenyewe kabla ngazi ya kwanza haijaegemezwa mtini, kupitia vyama vya ushirika vya shehia ambamo majirani wanajua nani ana mikarafuu mingapi na nani ameikodisha. Ikimfikia msimu ukiwa katikati, itakuta amekwisha kukopa kwingine, na fedha ya umma itamlipa mkopeshaji. Tarehe za kuanza kununua hutangazwa kila mwaka kwa shangwe na kwa picha za viongozi kwenye mizani. Tunaomba mwaka huu itangazwe kwanza tarehe ya kuanza kukopesha.